Maswali na Majibu: Kuhamisha Nyumba Ng'ambo kwa Awamu

Barua za safari hii zimetoka kwa familia za Malindi na Lamu zinazohamia Italia, ambapo mmoja hutangulia na wengine kufuata.

Bwana wangu ametangulia, nami na watoto tutamfuata mwakani. Tukituma vyombo mara mbili, tutatozwa ushuru? — Mama wa watoto wawili, Maweni, Malindi

Kutuma mara mbili peke yake si kosa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamruhusu anayehamisha makazi kuingiza vitu vyake vya nyumbani bila ushuru, hata kwa shehena kadhaa, mradi awe ameishi nje ya Umoja huo kwa miezi 12 mfululizo, awe amevitumia vitu hivyo kwa angalau miezi 6, na viingie kabla ya kutimia miezi 12 tangu aweke makazi mapya. Hili la mwisho ndilo linalowanasa wengi, kwani muhula wa shehena iliyo kwa jina la bwana wako huhesabiwa tangu yeye alipoweka makazi kule, si tangu siku mtakayofika nyinyi. Kwa hiyo andikeni orodha moja ya vitu vyote kabla ya shehena ya kwanza kuondoka, mkionyesha kipi kinatangulia na kipi kinabaki, na iwasilishwe forodhani tangu mwanzo. Jiko lililonunuliwa Mombasa wiki iliyopita, likiwa bado na nailoni ya dukani, halimo katika msamaha huu, na mtu wa forodha hahitaji miwani kuliona. Tena vitu vikishaingia, haviuzwi, havikodishwi wala haviazimwi kwa miezi 12 bila kuiarifu forodha. Hata shemeji akiomba friji, asubiri.

Tunataka kuchukua mlango wa nakshi wa nyumba ya babu, kiti cha enzi na sanduku lake. Tufungashe vipi? — Mkomani, Lamu

Kabla ya kufungasha, ulizeni kama vinaruhusiwa kutoka. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inailinda milango na miimo iliyochongwa kwa nakshi kabla ya 1946, na inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895. Vitu hivyo havitoki bila kibali. Pigeni picha za kila kimoja, kwa mbele na kwa nyuma, mzipeleke Makumbusho ya Lamu pale ufukweni mapema, kabla ya kulipia nafasi ya kontena. Kwa maoni yangu mlango ubaki ukutani, kwani nyumba iliyong'olewa mlango wake hupungukiwa zaidi kuliko ile itakayoupokea.

Kitakachoruhusiwa kitapanda punda hadi gatini, kisha boti hadi Mokowe, kisha lori hadi Mombasa, kwa hiyo kifungwe imara tangu nyumbani. Kreti ya mbao nzito iwe na muhuri wa kimataifa unaothibitisha kwamba mbao zilipashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Ya fundi wa mtaani isiyo na muhuri huweza kuzuiwa bandarini.

Paka wetu je? — Shela, Lamu

Awe wa mwisho kuondoka. Hutiwa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha huchanjwa kichaa cha mbwa. Baada ya siku zisizopungua 30 hutolewa damu ikapimwe katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na matokeo yakiwa mazuri hungoja miezi 3 tangu siku ilipotolewa damu. Anayebaki nyuma ndiye amlee, na aanze sasa.

Naweza kubeba embe, nazi, samli na papa mkavu? — Malindi

Nazi ruksa. Embe zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Samli iacheni, kwa kuwa vyakula vya maziwa na nyama haviruhusiwi mizigoni. Samaki mkavu wa kula wenyewe huruhusiwa hadi kilo 20, lakini papa msimchukue, kwa sababu aina nyingi zake zinalindwa na mkataba wa kimataifa na huhitaji kibali.