Wifi aliyenicheka ameachwa na mumewe: je, ni hukumu ya Mungu?

"Shangazi, miaka mitatu iliyopita biashara yetu ilipofilisika na nyumba ikauzwa kwa deni, wifi yangu alitucheka waziwazi, akasema tulistahili. Mwezi uliopita mumewe amemwacha na watoto. Nilipopata habari hizo nilicheka peke yangu. Biblia inasema Mungu huwahukumu wanaofurahia msiba wa wenzao. Je, hii si hukumu yake? Na je, ninakosea kumshukuru?" – Aliyechekwa

Mpendwa Aliyechekwa,

Sitakuharakisha kusamehe kabla jeraha lako halijatazamwa. Ulichofanyiwa ni uovu, na Biblia inauita hivyo. Kitabu cha Obadia, ambacho ndicho kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale, kinatumia sehemu kubwa ya aya zake 21 kuwashitaki Waedomu, wazao wa Esau nduguye Yakobo, baba wa Waisraeli, ambao Yerusalemu ilipoangukia mikononi mwa Wababeli karibu mwaka 586 KK walisimama kando wakitazama, wakafurahi, kisha wakapora mali na kuwakamata wakimbizi. Kicheko kimewekwa katika shitaka moja na uporaji. Katika Ezekieli 25, Waamoni wanahukumiwa kwa sababu walipiga makofi na kusema "Aha!" patakatifu paliponajisiwa. Hata hivyo kosa la Edomu linauma zaidi, kwa kuwa alikuwa ndugu, na nadhani ndiyo sababu kicheko cha wifi kilikuchoma kuliko ambavyo kicheko cha jirani kingekuchoma.

Kuhusu swali lako la kwanza, Obadia alinena kwa kuwa alipewa maono. Mimi na wewe tumepewa umbea tu. Rafiki zake Ayubu nao waliusoma msiba wake kama hukumu, na mwishoni Mungu akawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa. Isitoshe, aliyeondoka nyumbani ni mume, na wanaolia ni pamoja na watoto ambao hawakukucheka.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mithali 24:17-18 hunukuliwa nusu mara nyingi. Inakataza kufurahi adui aangukapo, kisha inaongeza sababu ambayo wengi huiruka: Bwana asije akaliona hilo, likamchukiza, akaiondoa hasira yake kwa huyo adui. Maana yake ni kwamba anayeshangilia hukumu anajiweka mwenyewe mbele ya hakimu. Ukiendelea kushukuru kwa namna hiyo, utakuwa umeketi palepale alipoketi Edomu.

Huenda utanitajia Ufunuo 18, ambapo watakatifu wanaambiwa wafurahi kwa kuanguka kwa Babeli. Lakini Babeli ile imelewa damu yao, na kuanguka kwake ndiko kukoma kwa dhuluma yake. Kuachwa kwa wifi yako hakukuondolei mzigo wowote wala hakukurudishii nyumba.

Kicheko kile cha ghafla sikihesabu kuwa uovu mkubwa, kwani moyo uliojeruhiwa hucheka kabla haujafikiri. Ninachokihofia ni kukilisha: kupiga simu ili kuuliza zaidi, na kusimulia ukijifanya unahuzunika. Mtazame Daudi, ambaye Sauli alimwinda ili amuue, lakini aliposikia Sauli amekufa alirarua mavazi yake, akafunga hadi jioni, na katika maombolezo yake akataka habari hiyo isitangazwe Gathi, mji wa Wafilisti waliokuwa adui wa Israeli, binti zao wasije wakafurahi. Hakudai kwamba Sauli alimtendea mema. Aliikinga tu aibu ya Sauli isifike kwa wenye kucheka.

Hilo unaliweza hata kabla hujamsamehe. Habari za wifi yako zikikufikia, ziishie kwako. Ukipata nguvu zaidi, waulizie watoto, bila kugusia aliyoyasema siku ile. Neno lake lilikuumiza na ipo siku utastahili kumwambia hivyo uso kwa uso, lakini si mwezi huu.

Shangazi