Shangazi, nimtoe mama mkwe nyumbani?

"Shangazi, shikamoo. Nimeolewa Japani, na mama mkwe wangu, mwenye miaka 84, ana dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Usiku huamka akatoka nje, na jina langu ameshalisahau. Mume wangu anataka tumpeleke kwenye nyumba wanamoishi pamoja wazee wenye maradhi hayo. Nikiwaza safu za vitanda kama hospitali, nalia. Kwetu Tanga watasema nimemtupa. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Naona neno hilo la kutupa linakunyima usingizi kuliko hata mlango unaofunguliwa usiku wa manane, kwa hiyo nianze nalo. Anayemtupa mzee ni yule asiyejua mzee wake amekula nini wala amelala wapi. Wewe umemwogesha, umemlisha na kumfuata barabarani gizani, na hao unaowaogopa hawakuwepo kukupokea zamu.

Kwa utaratibu wa Japani, kundi moja katika nyumba hizo huwa na wazee kati ya watano na tisa, kila mmoja akiwa na chumba chake, nao humenya viazi, hukunja nguo na kuandaa meza pamoja na wahudumu, kwa sababu mikono huweza kuikumbuka kazi ambayo akili imeshaisahau. Mimi ningelitazama hilo kwanza. Nendeni saa ya kupika, mwone kama wazee wameshika mboga au wamepangwa tu mbele ya televisheni. Wakiwa wamepangwa, ondokeni, hata kama sakafu inang'aa.

Ulizeni pia itakuwaje akizidiwa, kwani sheria haizilazimishi nyumba hizi kuwa na muuguzi, na mzee anayehitaji matibabu mazito huenda akalazimika kuhama tena, jambo linalomvuruga sana mwenye maradhi haya. Bima ya Japani ya matunzo ya wazee, iliyoanza mwaka 2000, hulipa sehemu kubwa ya gharama za huduma, lakini kodi ya chumba na chakula ni juu yenu. Mumeo na ndugu zake wakubaliane hayo kabla ya kutia saini, yasije yakakuangukia mkaza mwana peke yako.

Mama mkwe mwenyewe aambiwe, na akisahau kesho aambiwe tena kwa upole uleule. Abebewe bakuli lake alilozoea kulia wali. Kwa kuwa nyumba hizi kwa kawaida hupokea wakazi wa manispaa ileile, hatakuwa mbali. Siku za mwanzo nenda saa ya kupika, ukae umenye naye. Kisha mpigie mama yako Tanga kabla hajasikia kwa wengine, umweleze ulichokiona jikoni.