Aache fizikia?

Swali: Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Malindi. Ataka kuacha fizikia, ashike biolojia, kemia, IRE (elimu ya dini ya Kiislamu) na biashara. KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, itamkubali? Ndoto yake uuguzi.

Jibu: Itamkubali, mama. Kiingereza, Kiswahili na hisabati ni lazima. Sayansi zisipungue 2, na IRE yatosha kwa upande wa jamii. Pamoja na biashara, masomo yamefika 7, kiwango cha chini kabisa.

Hapo ndipo penye tatizo. Gredi ya wastani huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja iliyo bora na masomo mengine 5 bora. Mwenye 7 hana la kutupa, hata likimwangusha. Aongeze la 8, jiografia kwa mfano. Fizikia asiilazimishe, shahada yataka wastani wa C+, na kwa uuguzi biolojia na kemia ndizo nguzo.

Wakati wa usajili akague misimbo ya masomo: IRE ni 314. Ile 313 ni CRE, ya dini ya Kikristo!