Jibu: Baba ameanza kusahau, tuandae nini asije akapotea?

Habari ndugu. Umesema mzee ametoka mara mbili akashindwa kurudi, na unataka kujua cha kuandaa mapema. Sisi yalitukuta kwa bibi, Mbagala, Dar es Salaam.

Anza na picha. Siyo ile ya harusini. Mpige leo, uso na mwili mzima, halafu urudie kila baada ya miezi michache. Sisi tulikuwa na ya kitambulisho tu, ya enzi hajakonda. Polisi walipouliza kavaa nini, kila mtu akataja rangi yake.

Kisha karatasi moja: majina yote, hata lile analoitwa kwao, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), makovu, dawa, lugha anayorudia akichanganyikiwa (bibi alijibu Kimakonde tu), na mitaa yote aliyowahi kuishi. Hilo la mitaa usilipuuze: tulimkuta Temeke, jirani na chumba alichopanga ujanani. Nakala moja mpe jirani.

Akitoweka msisubiri saa 24. Mmoja aende kituoni kuchukua RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi), wengine hospitali na misikitini. Namba yako ya simu ishonee ndani ya nguo. Saa za mkononi za kufuatilia mtu alipo sijawahi kuzitumia, waliozitumia watakwambia.