Kifuatiliaji cha Mizigo Safarini: Maswali ya Msomaji

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mwezi ujao nitamsindikiza mama kutoka Nairobi hadi Toronto, na tutabadilisha ndege Amsterdam. Nimenunua AirTag, kile kifuatiliaji kidogo cha Apple, ili niitie ndani ya begi lake kubwa, lakini kaka yangu anashikilia kwamba kifaa chochote kinachotoa mawimbi lazima kizimwe ndani ya ndege. Je, ni kweli? Na pawabenki yangu niiweke wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Salamu zako zimefika, ndugu msomaji. Kitie kifaa hicho ndani ya begi la mama, nacho kibaki kimewaka. Maneno ya kaka yako yana chimbuko, kwani Oktoba 2022 shirika la Lufthansa lilieleza kwamba vifaa vya aina hiyo vinapaswa kuzimwa ndani ya mizigo, likabadili msimamo siku chache baadaye, mamlaka ya usafiri wa anga ya Ujerumani ilipokubali kwamba havihatarishi usalama.

Kinachotazamwa zaidi katika kanuni za kimataifa ni ukubwa wa betri. Kifaa kinachoendelea kufanya kazi ndani ya begi lililopakiwa hakitakiwi kuwa na zaidi ya gramu 0.3 za lithiamu, au wati-saa 2.7 (kipimo cha nishati ya betri) ikiwa betri yake ni ya kuchajiwa, na betri ya AirTag, ile ya duara iitwayo CR2032, ina takriban gramu 0.1 tu. Mawimbi yake ya Bluetooth nayo ni dhaifu na yako kwenye gigahezi 2.4, mbali na yale ya 4.2 hadi 4.4 ambayo ndege huyatumia kupima urefu wake kutoka ardhini. Jihadhari, hata hivyo, na vifuatiliaji vyenye laini ya simu na betri kubwa ya kuchajiwa, kwa sababu baadhi yake huvuka kiwango hicho.

Pawabenki isiingie kabisa katika begi la kupakiwa. Ichukue mkononi, na hakikisha haizidi wati-saa 100. Ile ya miliampia-saa 20,000 kwa kawaida ina takriban 74. Sisitizo hili si ukali wa bure: betri ya lithiamu ikianza kujichoma yenyewe, gesi ya kuzimia moto iliyo sehemu ya mizigo huweza kuzima miali bila kuipoza betri, ilhali ndani ya chumba cha abiria wahudumu huiona mapema na kuimwagia maji. Mashirika mengine yamekwenda mbali zaidi, kama Emirates, ambalo tangu tarehe 1 Oktoba 2025 limekataza kuitumia pawabenki angani. Simu yenyewe iweke katika hali ya ndegeni, kisha waweza kuwasha Bluetooth ya visikizi vyako iwapo shirika linaruhusu.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba AirTag haina GPS. Huonekana pale tu simu ya iPhone au kifaa kingine cha Apple kinapopita karibu nayo na kupeleka taarifa kupitia intaneti. Amsterdam na Toronto haitakupa shida, lakini huku kwetu, ambako simu nyingi ni za Android, inaweza kukaa kimya kwa muda mrefu, na ukimya huo usikutie hofu kwamba begi limeibiwa.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke uwanjani kabla ya kuandikisha ripoti katika dawati la mizigo na kupewa namba yake, hata kama simu inakuonyesha kwamba begi limebaki Amsterdam. Kuanzia toleo la 18.2 la iOS, programu endeshi ya iPhone, unaweza kulipatia shirika kiungo cha mahali begi lilipo, nacho hukoma baada ya siku saba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, makubaliano ya kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao, begi lililoharibika hudaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na lisilofika kwa siku 21 unaweza kulidai kama lililopotea. Kwa hiyo tunza kijikaratasi cha begi pamoja na risiti za kila kitu ambacho mama atalazimika kununua wakati akisubiri.