Kwangu ni Simbu, si Simba

Ndugu yangu, unasema tukio la mwaka 2025 katika michezo ya Tanzania ni Simba kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Lilikuwa jambo kubwa, silikatai, lakini tukio hilo la mwaka mimi naliona kwa mkimbiaji wa marathon Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, jirani zetu sisi wa Dodoma. Kule Tokyo, kwenye marathon ya mashindano ya dunia ya riadha, tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iamue kwamba Simbu kashinda, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Huku kwetu hakukuwa kumepambazuka (wengi tulilala). Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.