Maswali na Majibu: Binti, fataki na sindano ya miezi sita

Wiki chache zilizopita niliandika hapa kuhusu maambukizi ya VVU kwa wasichana wa nchi za kusini mwa Afrika. Kilichowashtua wengi ni takwimu moja ya UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI: mwaka 2023, katika Afrika kusini mwa Sahara, wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 24 wapatao 3,100 waliambukizwa kila wiki. Ujumbe umemiminika, mwingi kutoka kwa wenye watoto au ndugu huko. Nimefupisha maswali na majina nimeyaacha.

Jambo dada. Sisi ni Wakongo, tunaishi Durban. Binti yangu ana miaka 16. Kila anapopita anakuta tangazo la VVU linalomsema yeye. Kaka yake wa miaka 18 hakuna anayemsemesha. Kwa nini wasichana tu? (Mama wa watoto wanne, Durban)

Jambo mama. Swali lako lilifanyiwa kazi hapohapo mkoani kwenu, KwaZulu-Natal. Watafiti wa CAPRISA, kituo cha utafiti wa UKIMWI, Tulio de Oliveira na wenzake, walichukua virusi kwenye damu ya watu zaidi ya 1,500 wanaoishi na VVU, wakalinganisha vinasaba vya virusi hivyo ili waone kirusi cha nani kina undugu na cha nani. Matokeo yalichapishwa 2017.

Waliona hivi. Wasichana wa chini ya miaka 25 walikuwa wameambukizwa na wanaume waliowazidi umri kwa wastani wa miaka 8.7. Wanaume hao nao, virusi vyao vilikuwa na undugu na vya wanawake wa rika lao, wa miaka 25 hadi 40. Maana yake ni kwamba mwanaume wa miaka 30 ana mwenzi wa rika lake nyumbani, na pembeni ana kibinti anayemrubuni. Huyo ndiye fataki. Kibinti akiambukizwa leo, baada ya miaka kumi anakuwa ndiye mwenzi wa nyumbani wa mwanaume mwingine, naye huyo ana kibinti chake. Hivyo ndivyo gurudumu linavyozunguka.

Kijana wako wa miaka 18 kwa sasa yuko nje kidogo ya gurudumu hilo. Ataingia akishapata mshahara na gari, na wakati huo hakuna atakayembandikia tangazo. Mimi naona hapo ndipo kampeni nyingi zilipopotea: zinamhubiria aliye na sauti ndogo kuliko wote chumbani. Mabango hayo yangebandikwa kwenye gereji na vituo vya teksi, tungefika mbali zaidi.

Maumbile nayo yanachangia. Ngozi laini ya shingo ya uzazi ya msichana mdogo bado haijakomaa, na uvimbe mdogo wa ndani unaotokana na bakteria wa ukeni, ambao mara nyingi hauna dalili, humfungulia kirusi mlango. Lakini maumbile hayo wanayo wasichana wa dunia nzima, na wengi wao hawakutani na kirusi.

Fataki, fataki, kila siku fataki. Mimi naendesha lori Tunduma hadi Ndola na sijamrubuni mtoto wa mtu. Mnataka wanaume tufanye nini? (Dereva, Tunduma)

Upime, kaka. Ukikutwa na VVU, uanze ARV siku hiyohiyo na uzimeze. Utafiti uliotoa matokeo 2011, uliohusisha pia wenza wa Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba mtu anayeanza dawa mapema hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake kwa asilimia 96. Kirusi kikishafubazwa hadi hakionekani kwenye kipimo, hakiambukizi kwa ngono kabisa. Ukikutwa huna na hujatahiriwa, tohara hupunguza hatari yako wewe kwa takriban asilimia 60. Hilo lilithibitishwa Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu na Rakai.

Lawama yako naipokea kwa upande mmoja. Kliniki nyingi zimepangwa kwa ajili ya mama na mtoto. Zinafunguliwa wewe ukiwa barabarani na kufungwa kabla hujarudi. Kipimo cha kujipima mwenyewe kipo, ukiulizia duka la dawa au kituo cha afya.

Nimesikia kuna chanjo ya UKIMWI, unachomwa mara mbili kwa mwaka. Kweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

Sindano ipo, ila si chanjo. Chanjo huufundisha mwili kupigana. Hii ni dawa yenyewe, inawekwa chini ya ngozi na kujiachia taratibu kwa miezi sita. Inaitwa lenacapavir. Unapimwa kwanza kuhakikisha huna VVU. Kisha unachomwa sindano mbili chini ya ngozi ya tumbo, unameza vidonge viwili palepale, na kesho yake unameza vingine viwili. Basi, mpaka miezi sita ipite. Wengi hubaki na kinundu pale walipochomwa, ukipapasa kwa kidole unakisikia.

Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake zaidi ya 5,000 wa miaka 16 hadi 25, Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliochomwa, hakuambukizwa hata mmoja. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kawaida vya kila siku vya PrEP, yaani dawa ya kumkinga asiye na VVU, 16 waliambukizwa. Julai 2024 Profesa Linda-Gail Bekker wa Cape Town alipoyasoma matokeo hayo mbele ya mkutano wa Munich, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi, na wanasayansi si watu wa kusimama ovyo.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025, na Novemba mwaka huohuo Eswatini na Zambia zikapokea shehena za kwanza. Marekani inauzwa kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kwa nchi zetu, makubaliano na watengenezaji wa India ni dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027. Tofauti hiyo ya bei itafakari mwenyewe.

Binti yetu wa miaka 17 amepewa vidonge vya PrEP kliniki bila sisi wazazi kuambiwa. Huku si kumpa ruhusa ya ngono? (Baba, Johannesburg)

Pole kwa mshtuko, mzee wangu. Kliniki haijavunja sheria. Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini inamruhusu mtoto kuanzia miaka 12 kuridhia mwenyewe kipimo cha VVU, na matibabu pia ikiwa ana uelewa wa kutosha wa jambo lenyewe.

Kuhusu ruhusa: kama binti ameomba vidonge hivyo, ameshaona mwenyewe kwamba kuna hatari karibu yake, na ameamua kwenda mahali sahihi badala ya kukaa kimya. Ukimpokonya chupa, hatari inabaki palepale na kinga inaondoka. Mimi ningekuwa wewe, ningeuliza kuhusu huyo mtu aliyeko upande wa pili kabla ya kuuliza kuhusu vidonge. Ana miaka mingapi? Je, binti anaweza kumkatalia?

Tena, kazi ngumu ya vidonge ni kuvimeza. Utafiti mmoja mkubwa, VOICE, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda, waliopewa vidonge au jeli ya kujipaka. Walipoulizwa, na hata dawa zilizobaki zilipohesabiwa, ilionekana kama asilimia 90 ya dozi zinatumika. Damu yao ilipopimwa, dawa ilikutwa kwenye chini ya theluthi moja ya sampuli, na waliotumia kidogo zaidi walikuwa wasioolewa na wa chini ya miaka 25. Matokeo hayo yalitoka 2013 na yaliwafedhehesha watafiti kuliko washiriki. Wasichana walikuwa na sababu zao: chupa ya vidonge inalia mkobani, shangazi anaiona juu ya kabati, na vidonge vyenyewe vinafanana na ARV, kwa hiyo anayekukuta navyo anahitimisha kwamba unaumwa. Mpenzi akiviona ndiyo ugomvi. Pete ya dapivirine inayowekwa ukeni ilikumbwa na jambo hilohilo: majaribio ya 2016 yalionyesha inapunguza maambukizi kwa karibu theluthi kwa wanawake kwa jumla, lakini kwa wa chini ya miaka 21 haikuonyesha kinga, maana wengi hawakukaa nayo.

Kwa hiyo, kama binti yako anavimeza kila siku nyumbani kwenu bila kujificha, hapo umemsaidia sana. Mkumbushe tu kwamba PrEP haizuii mimba wala kaswende wala kisonono. Kondomu bado ina kazi yake.

Sindano ya uzazi wa mpango inaongeza VVU? Jirani yangu kaacha kwa hofu hiyo. (Mkazi wa Lilongwe)

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ndiyo maana ikafanyiwa utafiti mkubwa ulioitwa ECHO, kwa wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia. Matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya maambukizi kati ya sindano, kitanzi na kipandikizi. Jirani yako anaweza kuendelea. Kilichowaogopesha watafiti ni kingine: kwa njia yoyote ile, karibu wanawake 4 katika kila 100 waliambukizwa kila mwaka, na hawa walikuja kutafuta uzazi wa mpango tu. Kumbe foleni ya uzazi wa mpango ndiyo mahali pa kutolea PrEP.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kuna miradi inayowapa wasichana fedha ili wasihongwe. Si tunawafundisha kudai fedha? (Mwalimu, Songea)

Mwalimu, hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, kwa sababu majibu yake hayakubaliani.

Anza na majirani zako, Zomba, Malawi. Mwaka 2008 na 2009 wasichana ambao hawajaolewa na familia zao walipewa fedha kidogo kila mwezi: binti dola 1 hadi 5, mzazi dola 4 hadi 10. Baada ya miezi 18, kati ya waliokuwa shuleni mradi ulipoanza, waliokuwa na VVU kwenye kundi la fedha walikuwa asilimia 1.2, wasiopewa, asilimia 3. Waliopewa walipungukiwa na wapenzi wa miaka 25 na kuendelea. Hawakuacha mapenzi, waliwaacha wazee.

Sasa nenda Agincourt, mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini. Binti alipewa randi 100 kwa mwezi na mlezi wake 200, ilimradi ahudhurie shule. Maambukizi hayakupungua kabisa ukilinganisha na wasiopewa. Kwa nini? Kule karibu wasichana wote walikuwa shuleni tayari, na serikali inatoa ruzuku ya watoto. Fedha haikubadilisha walichokuwa wanakifanya. Ila walioacha shule au kuhudhuria kwa kusuasua, wapewe fedha wasipewe, hatari yao ilikuwa karibu mara tatu ya wenzao.

Botswana wanakamilisha picha. Mwaka 1996 walibadilisha mpangilio wa madarasa, wanafunzi wengi wakajikuta wanasoma mwaka mmoja zaidi wa sekondari. Walipofuatiliwa baadaye, kila mwaka wa ziada darasani ulikuwa umepunguza maambukizi kwa takriban pointi 8 za asilimia, na kwa wanawake zaidi ya hapo. Hakuna aliyewahubiria kitu, walikuwa darasani tu.

Kwa hiyo fedha inafanya kazi pale inapolipa kitu ambacho vinginevyo fataki ndiye angelipa: ada, nauli, taulo za kike, chakula cha mchana. Kama mradi wa kwenu unafanya hivyo, uunge mkono. Na wewe kama mwalimu una silaha ya bei rahisi. Kenya magharibi, 2004, wanafunzi wa darasa la nane walionyeshwa kwa somo moja tu kiwango cha maambukizi kwa wanaume wa kila umri, wakaona kwamba mtu mzima mwenye fedha ni hatari zaidi kuliko kijana wa rika lao. Uzazi kwa wasichana hao ulishuka kwa asilimia 28. Mtaala wa kawaida wa "subirini mpaka ndoa" haukuleta badiliko hilo. Chora jedwali hilo ubaoni.

Wamarekani wakikata fedha, nini kinabaki? (Mwanafunzi wa afya ya jamii, Mombasa)

Kidogo kuliko tulivyozoea. Mpango wa Marekani wa DREAMS, uliotangazwa Desemba 2014 kwa nchi kumi zikiwemo Kenya na Tanzania, ulikuwa unampa binti PrEP, ada, na kundi la wenzake la kukutana nalo kila wiki. Misaada iliposimamishwa Januari 2025, PrEP ya fedha za Marekani ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Yaani binti wa miaka 17 asiye na mimba, ambaye ndiye hasa tunamtaka abaki salama, akaachwa mlangoni. Sijaona maelezo ya kitaalamu ya uamuzi huo. Kinachobaki ni Mfuko wa Dunia (Global Fund) na bajeti za serikali zenyewe, na hiyo bei ya dola 40 ikija kweli 2027.

Dada, shikamoo. Niko Lusaka, nasoma. Kondomu ilipasuka juzi usiku na simjui vizuri huyo mtu. Nimechelewa? (Asiyetaka kutajwa)

Marahaba mdogo wangu. Nimekujibu tayari faraghani, ila naweka hapa kwa ajili ya wengine. Hujachelewa kama saa 72 hazijapita, lakini kila saa ina maana, usisubiri Jumatatu. Nenda hospitali kitengo cha dharura, uombe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo. Utapimwa, utapewa vidonge vya siku 28, na uulizie hapohapo kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Hata kama ulilazimishwa, dawa unapewa kabla ya maswali ya polisi. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kinapita, meza na chakula. Utapima tena baada ya miezi mitatu. Na ukimaliza hizo siku 28 ukaona mazingira yako ni yaleyale, waambie wakuhamishie kwenye PrEP siku hiyohiyo, pasiwe na pengo katikati.